Milimita Tano Kila Upande

Thembo aliingia na gurudumu begani
kama mtu aliyebeba mgonjwa,
foki mpya kwapani, imefungwa kitenge cha mkewe.
"Havioani," akasema. Salamu alizisahau njiani.

Nikavipima. Kalipa ya baba ina kutu mdomoni
lakini haijanidanganya bado.
Habu: tundu la ishirini, upana mia na kumi.
Foki: ekseli ya kumi na tano, upana mia kamili.
Viwanda viwili vya ng'ambo,
kila kimoja kimeapa kipimo chake ndicho dunia,
na ugomvi wao umekuja kuamuliwa Kasese,
kwenye meza yangu, kando ya chupa ya chai.

Kampala walimwambia anunue gurudumu jingine.
Laki tisa.
Mbuzi wawili walikwisha kuingia kwenye foki.
Wa tatu ana mimba.

Mimi ni Muhindo. Kwetu jina hili
hupewa mtoto anayegeuza zamu:
wavulana wanne, kisha mimi.
Baba alikuwa fundi wa karakana ya mgodi, Kilembe;
wanasema alinitazama, akakuna kidevu,
akasema, "Saizi imebadilika. Tutapata namna."
Mgodi ulipofungwa akarudi na kalipa mfukoni
na kerezo la bei ya chuma chakavu.
Kaka zangu walilisukuma. Mimi nililiwasha.

Chuma sikutumia. Nilikuwa na pistoni ya Fuso
iliyokata roho ikipanda na saruji;
niliiyeyusha Jumapili, nikaimimina kwenye kopo,
ikapoa na uso wa uji uliosahauliwa.
Nikaifunga kwenye taya za kerezo.
Nje ishirini. Ndani kumi na tano.
Bega nikalishusha milimita tano kila upande.

Haba na haba hujaza kibaba, husema watu wa nafaka.
Huku kwetu haba na haba huondoa,
na kilichoondoka hakirudi.

Umeme ukakatika.
Thembo akaketi juu ya tairi, akauliza, "Bado?"
Nikamwambia bado.
Tukausikiliza mto Nyamwamba ukisaga mawe yake
bila kalipa, bila haraka, bila mteja.
"Bado?"
Nikampa chai anyamaze.

Ya kwanza niliiharibu mimi, si umeme.
Nilikula zaidi kwa upana wa unywele;
gurudumu likazunguka vizuri, lakini ukilishika ukingoni
ukalitikisa kushoto kulia,
tik.
"Mimi sisikii kitu," Thembo akasema, tayari ana kofia kichwani.
"Wewe husikii. Mteremko utasikia."

Nikaanza upya saa tatu usiku, umeme umerudi hafifu,
taa ya simu yake ikinisaidia, mkono wake ukitetemeka,
vumbi la aluminiamu likining'ang'ania kope.
Hii ya pili iliingia kwenye habu kwa kusitasita,
kama mkwe anayebisha hodi,
kisha ikakaa.
Ekseli ikapita moja kwa moja. Diski ya breki
ikaingia katikati ya pedi, haikugusa huku wala huku.
Nikalishika ukingoni. Nikatikisa.
Nikatega sikio hadi nikausikia moyo wangu.
Kimya.

Alinilipa elfu thelathini na ahadi ya kahawa.
Ahadi za kahawa nimezijaza daftari.
Asubuhi alipita mbele ya banda akiwa amesimama juu ya pedeli,
hakugeuka, na sikutaka ageuke:
macho yangu yalikuwa kwenye habu.

Ile iliyoharibika nimeitundika msumarini
pamoja na wenzake kumi na mmoja.
Upepo wa mlimani ukishuka hugongana,
tik, tik.
Niliyaacha yaseme nikafagia vipande,
na kabla sijamaliza kukung'uta ufagio
mvulana ameshaingia, gurudumu la nyuma mkononi:
"Mama fundi, hii ni ya kumi na mbili.
Fremu yangu haijui kumi na mbili ni nini."